Noti Kumi za Elfu Moja

Saa kumi alasiri shangazi alinituma sokoni Darajani, mjini Unguja, nikamchenjie noti ya elfu kumi. Alitaka elfu moja moja, kumi, tena zisizochakaa. "Usiniletee matambara, mwanangu. Bora uchelewe." Nilikuwa nimeshuka boti asubuhi ile kutoka Dar, kichwa bado kinayumba, nikadhani ni hela za daladala. Muuza vitambaa wa kwanza akanifukuza kwa upole. Wa pili akafungua droo, akawa anachagua noti moja moja kama mtu anayechagua nyanya, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Leo kuna taarab wapi?"

Nikamwambia Ngome Kongwe.

"Basi mwambie aliyekutuma asivae viatu vya mchuchumio. Kule ni mawe matupu."

Nilijiuliza alijuaje kwamba aliyenituma ni mwanamke. Sasa najua, lakini wakati ule sikujua.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kazaliwa Kikwajuni, kaolewa Kikwajuni, ana miaka 71 na magoti mawili yasiyosikilizana. Taarab alianza kwenda zamani, akiwa msichana wa kukaa nyuma ya bega la mama yake. Mimi nimekulia Temeke. Taarab ninayoijua ni ile ya miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano wakirushiana mipasho, kinanda cha umeme kinalia, kina mama wanacheza mpaka jukwaani na kumbandika mwimbaji pesa kwenye paji la uso. Nikiwa mdogo niliamini hiyo ndiyo taarab, hakuna nyingine. Hata Khadija Kopa nilidhani ni wa Dar, kumbe alitokea huku Unguja, kwenye kikundi cha Culture Musical Club, kabla Dar haijamchukua.

Kujiandaa kwa shangazi kulichukua muda mrefu kuliko safari yangu ya boti. Chetezo kiliwashwa saa kumi na mbili, gauni likafukizwa, mtandio ukafukizwa, na mimi niliyekuwa nimekaa tu nikafukizwa pia. Mjini Unguja kuna udi wa kuchoma na udi wa kupiga, na kwa shangazi huendi kusikiliza wa pili kabla hujanukia wa kwanza. Mwisho akabandika kikuba cha asumini na mrehani, akazikunja zile noti kumi, akazifunga kwenye leso na leso akaitia kifuani. Tukatoka baada ya sala ya isha.

Mlangoni palitokea kituko kidogo. Tiketi zilikuwa na bei mbili, ya wenyeji na ya wageni, na kijana aliyekuwa akiziuza alipoisikia lafudhi yangu akanitajia bei ya wageni. Shangazi akamtazama kama anayetazama samaki aliyelala. "Huyu mtoto wa kaka yangu. Mgeni wa nani?" Nikalipa bei ya wenyeji, lakini yule kijana hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuwa na hakika sana.

Unaingia Ngome Kongwe kwa lango zito, na ghafla kelele za bustani ya Forodhani zinabaki nje. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zimefanya weusi kwa mvua za miaka mingi, na juu zina meno kama msumeno. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno. Fort Jesus ya Mombasa ilianguka 1698, na hapa Unguja wakajenga ngome juu ya magofu ya kanisa la Wareno, maana waliowafukuza wangeweza kurudi. Katika karne ya 19 ikawa gereza, na wahalifu waliadhibiwa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumiwa na ile reli ndogo iliyokwenda Bububu. Halafu, na hili ndilo linalonichekesha kila nikilikumbuka, katika miaka ya 1940 ikawa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake. Shangazi anasema mama yake alikuwa akipita nje akisikia mipira ikigonga ukutani na wanawake wakicheka, asijue wanacheka nini. Zile ngazi za mawe za nusu duara, ambazo ndizo viti, zilijengwa katika miaka ya 1990. Tamasha la filamu la ZIFF likaanza 1998, lile la muziki la Sauti za Busara 2004, na tangu hapo watu wengi duniani wakisikia muziki wa Zanzibar, wanaona ukuta huu nyuma ya mpiga gitaa.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Seyyid Barghash aliijenga 1883, na sehemu yake ikaporomoka siku ya Krismasi ya 2020, ikaua watu wawili. Ukipita pale huwezi kuacha kugeuza shingo. Ninaitaja kwa sababu taarab nayo inasimuliwa kuanzia kwa Barghash. Yeye ndiye aliyeleta wapiga muziki kutoka Misri wamburudishe katika jumba lake, kisha akamtuma Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Cairo akajifunze kupiga ganuni, chombo cha nyuzi. Muziki ulikuwa wa ndani ya kuta, unaimbwa Kiarabu, wanausikiliza walioalikwa. Mnamo 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu yao, Ikhwani Safaa, ambayo mpaka leo ipo. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuja mjini akiuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili, na 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa mji, wakasikia mambo yao wenyewe yakitoka kwenye mashine. Shangazi hamwiti Siti kwa jina tupu. Humwita Bi Siti, kama jirani aliyehama juzi.

Tulipoingia nilitaka tukae katikati, mbele, mahali ambapo spika za kushoto na kulia zinakutana. Ndivyo wanavyoshauri wajuzi wa sauti. Shangazi akakataa. Akachagua pembeni kabisa, safu ya tatu, kando ya njia ya kushukia, mahali ambapo nguzo ya taa ilikuwa ikikata nusu ya jukwaa. Nikamwambia hapa hatuoni wapiga fidla. Akasema fidla haionwi, inasikilizwa, akakunja mtandio akaukalia.

Wapiga muziki walikuwa wameshaanza kurekebisha vyombo. Mpiga ganuni alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu hivi, hijabu ya rangi ya maziwa, mmoja wa wale waliopitia Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002 ambacho kimewafundisha vijana wengi vyombo hivi ambavyo zamani ulikuwa huvigusi mpaka mzee akupende. Sijawahi kuiona ganuni kwa karibu kabla ya usiku ule, na njia ile ya pembeni ndiyo iliyonikaribisha. Ni kama meza ya pembe nne iliyokatwa upande mmoja, inalazwa mapajani. Nyuzi zimezidi 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Kwa hiyo ukilegea uzi mmoja, wenzake wawili wanakusuta. Yule binti alikuwa na ufunguo mdogo wa chuma, anazungusha kigingi kidogo, anapiga, anainamisha sikio, anazungusha tena. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukiingia juu ya ukuta na unyevu wake wa bahari, na kila alipofika mwisho wa safu, za mwanzo zilikuwa zimeshashuka. Alirudi mwanzo mara tatu. Hakukunja uso. Kwenye vidole vyake vya shahada alikuwa amevaa pete mbili za bati zenye kishikio cha kuparia nyuzi, na alipozivua kunywa maji nikaona zimemwacha alama.

Fundi mitambo naye alikuwa na yake. Maikrofoni ya udi ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa, ikazimwa, ikawashwa, ikapiga tena. Mzee wa udi aliishusha mwenyewe akaielekeza sakafuni, na kelele zikaisha.

Wakaanza kwa bashraf. Huo ni muziki mtupu, hauna mwimbaji, unatembea taratibu kama msafara, fidla zote zinasema neno moja na akodiani inalirudia kwa sauti nzito. Wageni wengi walidhani bado vyombo vinarekebishwa. Kundi moja mbele yetu liliendelea kuongea kwa sauti, likipigana picha, mpaka bashraf ikaisha na watu wa Ng'ambo wakapiga makofi, nao wakashtuka wakapiga pia. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia. Mimi mwenyewe ningekuwa peke yangu ningekuwa natazama simu.

Mwimbaji wa kwanza akatoka, mwanamke wa makamo, gauni la zambarau. Alisimama wima, mikono imekutana tumboni, hakuchezesha hata bega. Kwa mtu aliyezoea mipasho ya Dar ilikuwa kama kuona mtu amesimama kupigwa picha ya pasipoti. Vyombo vikapiga utangulizi mrefu, yeye kimya, macho yanatazama juu ya vichwa vyetu kule kwenye meno ya ukuta. Alipofungua kinywa, nilielewa kwa nini hakuhitaji mabega.

Shangazi akatoa noti mbili. "Hizi za adabu," akasema. Akanyanyuka.

Hapa inabidi nieleze kutunza, maana kuna wanaodhani ni kumpa mtu bakshishi. Bakshishi unampa mhudumu. Kutunza ni kusema. Wimbo wa taarab una beti, na kila ubeti una fumbo. Ukifika ubeti unaokugusa, au unaomgusa mtu unayetaka aguswe, unanyanyuka mbele ya watu wote, unatembea taratibu, unampa mwimbaji pesa mkononi, na tangu hapo ubeti ule ni wako. Mwimbaji kausema, wewe umeutia sahihi. Anayehusika atajua. Asiyehusika ataona tu mwanamke aliyependeza akienda na kurudi. Ndiyo maana noti zinakuwa ndogo na nyingi, ili uwe na maneno ya kutosha kwa usiku mzima. Ndiyo maana pia unakaa kando ya njia. Lakini hili la mwisho nilikuja kulielewa nikiwa nimekaa peke yangu nimeshika mkoba wake.

Shangazi alishuka ngazi kwa zile goti zake, mkono mmoja kwenye ukuta, akafika chini, akakuta uzio. Uzio wa vyuma uliofunikwa kitambaa cheusi, umewekwa hatua kadhaa mbele ya jukwaa, na kijana mwenye fulana ya ulinzi amesimama mbele yake.

Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Bibi, huku hapapitiki."

"Nakwenda kutunza."

Yule kijana alikuwa wa hapahapa. Alilijua neno. Niliona limemwingia. "Nimeambiwa mtu asipite, bibi. Samahani sana."

"Nani kakwambia?"

Akatazama nyuma, kule alikokuwa aliyemwambia. Wakati huo kina mama wengine wawili walikuwa wameshashuka, wamejipanga nyuma ya shangazi, kila mmoja ana noti yake vidoleni, hawasemi kitu. Mwimbaji anaendelea. Kibwagizo kinapokewa. Ubeti hausubiri mtu. Yule kijana akashusha pumzi, akauvuta uzio kama mtu anayefungua mlango wa banda la kuku, upenyo wa mtu mmoja mmoja, akatazama pembeni.

Nimeifikiria sana ile ngome tangu siku ile. Ilijengwa watu wasikaribie. Kuta, minara, lango, vyote ni vya kumweka mtu mbali. Taarab nayo kazi yake ni kumtoa mtu alipokaa na kumleta mbele. Bi Siti hakuwa na uzio. Watu walikuwa wakienda nyumbani kwake Ng'ambo, wanakaa sakafuni, anayetunza ananyoosha mkono tu. Sisemi muziki utolewe Ngome Kongwe. Sauti pale ni nzuri, zile kuta zinairudisha bila kuivuruga, na hakuna mahali pengine mjini penye nafasi ile. Tena siku za matamasha makubwa naelewa kwa nini waandaaji wanaogopa watu kusukumana. Ila kwa usiku wa taarab, ningekuwa mimi mwenye jukwaa, ningepiga ngazi tatu za mbao mbele, katikati, zenye kishikio cha magoti mabovu. Fundi wa Kikwajuni anazitengeneza kwa siku moja.

Maana uzio ulikuwa tatizo la kwanza tu. La pili lilikuwa jukwaa. Lilimfika shangazi kifuani. Mwimbaji yuko katikati, mbali na ukingo, anatazama juu ya ukuta. Mpiga ngoma ya dumbak akamwonyesha shangazi kwa kidevu kwamba aziweke pale ukingoni, zitachukuliwa. Shangazi akatikisa kichwa. Pesa ya tunzo haiwekwi chini, ukiiweka chini umetupa. Mzee wa fidla aliyekuwa ukingoni akanyoosha mkono ili azipokee yeye. Akatikisa kichwa tena. Akainua mkono wake, noti mbili zimesimama kati ya vidole viwili, akabaki hivyohivyo. Ubeti mzima. Mikono ya miaka 71 haipendi kukaa juu, niliona kiwiko kinaanza kutetemeka, na nilikuwa nimeshanyanyuka nimfuate, ndipo yule mwanamke wa zambarau akashusha macho kutoka ukutani. Akaja hatua nne, bado anaimba, anauburuta waya wa maikrofoni, akachuchumaa mpaka gauni likagusa vumbi, akapokea kwa mkono wa kulia. Hakukatisha hata silabi. Wale wawili wa nyuma nao wakapokelewa. Wageni wa mbele yetu walipiga picha hizo zaidi ya picha zote za usiku ule.

"Hizo za adabu?" nikamwuliza aliporudi.

"Za adabu. Kaa kimya, usikilize."

Wimbo wa tatu au wa nne, sina hakika, ulikuwa wa mtu aliyepanda mti, akaumwagilia, na kivuli akakalia mwingine. Fumbo la zamani, kila mtu analo lake. Ubeti wa pili ukamgeukia yule aliyekalia kivuli, ukamwambia majani hupukutika. Nikahisi shangazi ameondoka pembeni yangu kabla sijamwona. Alishuka bila kushika ukuta. Uzio safari hii ulikuwa wazi tayari. Alitoa noti tano, akazipeleka moja moja, akisubiri kila mara mwimbaji ashike moja ndipo atoe nyingine, na katikati ya ya tatu na ya nne aligeuka kidogo, si kichwa, ni bega tu, akaelekea upande wa kulia wa ngazi.

Nikafuata lile bega. Upande ule, safu ya pili, alikuwa amekaa bibi mmoja wa umri wake, mtandio wa kijani, miwani ya dhahabu. Alikuwa akitazama jukwaa kama asiyeona kitu. Shangazi alipoanza kupanda kurudi, yule bibi akamnong'oneza binti aliyekuwa naye, binti akafungua pochi, na kabla ubeti wa tatu haujaisha mtandio wa kijani ulikuwa chini pale, mkono juu, noti za elfu kumi kumi. Elfu kumi, si elfu moja. Mwimbaji akachuchumaa.

"Kasikia," alisema shangazi, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kuandika barua.

Wakamalizia kwa kidumbak, ambacho ni taarab iliyovua viatu. Fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa, vijiti vya mkwasa, na sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, la mbao, limegeuzwa kifudifudi, limetobolewa, uzi unatoka katikati unakwenda kwenye mti uliosimama, na mpigaji anauvuta mti ili uzi ukaze au ulegee. Kutoka kwenye takataka hizo linatoka besi linalokugonga mbavuni. Mpigaji alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, amekanyaga sanduku kwa mguu mmoja, jasho linamchuruzika. Hapo hata wale wa mbele yetu walisimama wakacheza, vibaya sana, kwa furaha sana. Watu wakausogeza uzio wenyewe. Yule kijana wa ulinzi alikuwa akipiga makofi. Noti tatu zilizobaki zilikwenda kwa mzee wa sanduku. Shangazi alinituma mimi, akaniambia nizitie mkononi, nisithubutu kuziweka juu ya sanduku.

Tukatoka saa sita kasoro. Forodhani wauza mishkaki walikuwa wakizima majiko, lakini mmoja alikuwa bado na urojo. Tukakaa kwenye ukuta wa bahari, bakuli mapajani. Kikuba cha shangazi kilikuwa kimeshanyauka na ndipo kilikuwa kikinukia zaidi. Niliacha ale kwanza.

"Shangazi, yule mama mwenye mtandio wa kijani ni nani?"

"Mtandio gani?"

"Wa kijani. Aliyetunza baada yako."

Akavua badia kwenye urojo, akaitazama, akaiweka kwenye bakuli langu.

"Mie sikuona mtandio," akasema. "Pale kwenye nguzo ya taa mtu anaona nini? Kula, unapoa."